Lita 150 za Maji: Siku Tisa kutoka Bwawa la Hoover hadi Tucson

Siku ya 1, Jumamosi. Boulder City – Bullhead City

Mkataba wangu wa majuma 13 hospitalini uliisha jana. Nilirudisha kitambulisho, nikagawa mahamri niliyokuwa nimepika usiku, nikaagana na wenzangu wa zamu. Mkataba mwingine unaanza Tucson, Arizona, Jumatatu ya juma lijalo. Hapo katikati tuna siku tisa za kwetu.

Kwa asiyetujua: mimi ni muuguzi wa mikataba, mzaliwa wa Mombasa. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni mtu wa Lamu, aliyeendesha malori makubwa Marekani mpaka mgongo ukamwambia basi. Huu ni mwaka wa tatu tunaishi ndani ya trela ya futi 25 inayovutwa na pikapu, na nyumba nyingine hatuna. Wenyeji huita RV, na wanaoishi humo mwaka mzima ni wengi kuliko nilivyodhani: wastaafu, mafundi wanaofuata vibarua, wauguzi kama mimi. Mama yangu kule nyumbani huwaambia watu kwamba tunaishi kwenye kontena. Nimeacha kumsahihisha.

Wengi wao huhama kwa msimu. Baridi ikiingia huko kaskazini huteremka Arizona, joto likianza hupanda tena. Mzee wangu, mjukuu wa nahodha, haoni la ajabu. "Waja na kaskazi, warudi na kusi," husema. "Majahazi haya, ila yana tairi."

Kung'oa nanga kwetu ni dakika arobaini. Tangi la choo humwagwa kwanza, kisha tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ili yale ya pili yasafishe mpira. Halafu maji safi yanajazwa pomoni, lita 150. Kabati zinafungwa, jeki zinapandishwa, minyororo inaunganishwa, kabari za magurudumu zinatolewa mwisho kabisa. Safari moja tulisahau komeo la friji. Achari ya embe ilitapakaa mpaka mlangoni, na mpaka leo kuna doa la manjano chini ya meza.

Tulisimama kwanza Bwawa la Hoover, lililokamilika mwaka 1935, mita 221 kwenda juu. Picha zake umeziona. Mimi kilichonishika macho ni ule mstari mweupe kwenye majabali kuzunguka Ziwa Mead, unaoonyesha maji yalikuwa wapi zamani. Mstari una kimo cha jengo la ghorofa nyingi. Kuna pia minara yenye saa mbili, moja ya Nevada na moja ya Arizona. Majira ya baridi zinapishana kwa saa nzima, majira ya joto zinakuwa sawa, kwa kuwa sehemu kubwa ya Arizona haisogezi saa zake. Mzee aliangalia zote mbili, akasema yeye ataswali kwa jua.

Mteremko wa barabara ya 68 kuingia Bullhead City ni mrefu na mkali. Aliushuka kwa gia ya chini, mguu mbali na breki, bila kuzungumza. Katika mteremko huwa simsemeshi.

Siku ya 2, Jumapili. Oatman

Trela tuliiacha kambini, tukapanda milimani na pikapu peke yake. Oatman ni kijiji cha wachimba dhahabu kwenye ile barabara kongwe ya Route 66. Migodi ilipofungwa watu waliondoka, punda wakabaki. Wajukuu wa punda hao ndio wenye mji sasa. Asubuhi wanateremka kutoka vilimani, wanazagaa barabarani, wanaingiza vichwa kwenye madirisha ya magari kudai chakula, jioni wanarudi zao porini. Tangu 1971 kuna sheria ya nchi nzima inayowalinda farasi na punda wa mwituni, kwa hiyo hakuna wa kuwafukuza. Gari linangoja punda.

Sijamwona mume wangu akifurahi hivyo tangu binti yetu ahitimu sekondari. Baba yake alikuwa na punda watatu wa kubebea mchanga na mawe ya ujenzi Lamu, mji ambao mzigo mpaka leo hupita vichochoroni mgongoni mwa punda. Alimkamata mmoja shingo, akamkagua kwato, akamfunua mdomo kumtazama meno, huku watalii wakimpiga picha kama sehemu ya maonyesho. "Kwato ndefu hizi," alinung'unika. "Huyu hajakanyaga mawe ya kutosha." Kisha akamwambia punda, kwa Kiamu safi: "Shika ndia, baba." Punda akashika njia. Naapa.

Watoto wa punda walikuwa wamebandikwa karatasi kwenye paji la uso, kuwaomba wageni wasiwalishe: bado wananyonya, na vyakula vya dukani huwadhuru. Mmoja alikuwa anatafuna karatasi ya mwenzake.

Siku ya 3, Jumatatu. Lake Havasu City

Daraja la London liko jangwani. Si mfano wake, ni lenyewe. Lilifunguliwa juu ya mto Thames mwaka 1831, likaanza kuzama taratibu kwa uzito wa magari, na mwaka 1968 tajiri mmoja wa mashine za kukatia miti, Robert McCulloch, akalinunua kwa dola 2,460,000 ili mji wake mpya upate cha kuvuta watu. Mawe ya nje yalipigwa namba, yakapakiwa meli, yakapita Mfereji wa Panama mpaka California, kisha yakaletwa huku kwa malori. Sherehe ya kulifungua upya ilikuwa Oktoba 1971.

Namba bado zinaonekana kwenye baadhi ya mawe ukitafuta. Nilipata nne. Ila kinachochekesha zaidi ni kwamba walilijenga nchi kavu, mahali pasipo na mto, na lilipokuwa limesimama ndipo wakachimba mfereji chini yake. Mzee alilitembea kutoka mwisho mpaka mwisho, mikono nyuma kama mkaguzi. Alivutiwa na habari ya malori tu.

Usiku tulikula samaki wa kukaanga na ugali. Upepo ulitikisa trela kidogo, tukalala fofofo.

Siku ya 4, Jumanne. Havasu – Quartzsite

Safari fupi, lakini niliomba tusimame kabla ya Parker, penye mitambo ya kusukuma maji. Ziwa Havasu limeumbwa na Bwawa la Parker, lililomalizika 1938. Ukilitazama utalidharau, kwa sababu zaidi ya theluthi mbili ya kimo chake imefukiwa chini ya sakafu ya mto. Ziwa hili dogo linanywesha mamilioni. Upande mmoja maji huenda Los Angeles na miji jirani. Upande wa Arizona huvutwa na mapampu, yakapandishwa mlimani kiasi cha mita 250, yakaingia kwenye mfereji wa maili 336 mpaka Phoenix na Tucson.

Tucson! Huko huko tunakokwenda. Nilisimama pale nikakumbuka maji ya Mzima, yanayotoka chemchemi za Tsavo kwa bomba mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 200, na bado mtaani kwetu bomba lilikuwa likikohoa hewa siku tatu kwa juma. Maji tulinunua kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi wa lita 20. Mwenye mkokoteni alijulikana kwa sauti ya matairi yake.

Alasiri tukafika Quartzsite. Wakazi wa kudumu ni elfu mbili na kitu. Ila Januari ukiwa juu ya kilima unaona trela na mabasi ya kuishi mpaka macho yakome, yametawanyika jangwani kama mbuzi malishoni. Ardhi ni ya serikali. Eneo la La Posa tulilipa dola 40, ruhusa ya siku 14. Anayetaka msimu mzima wa baridi, Septemba mpaka Aprili, hulipa zaidi. Hakuna umeme, hakuna bomba mlangoni, hakuna mstari wa kukuonyesha uegeshe wapi. Unachagua kokoto zako.

Tulitafuta pa tambarare. Mzee aliweka pima maji sakafuni, ile ile ya waashi, akaingiza vibao chini ya gurudumu la kushoto mpaka tone la hewa likakaa katikati. Sola juani, chai ya tangawizi jikoni. Jirani wa karibu alikuwa mita 50. Alipunga mkono, akaendelea na kitabu chake.

Siku ya 5, Jumatano. Pampu

Alfajiri nilifungua bomba nitawadhe. Kimya. Kwa kawaida pampu hunguruma chini ya kitanda, maji yakatoka. Leo hata pumzi.

Mume wangu aliinua godoro, akafungua ubao, akaanza uchunguzi. Fyuzi nzima. Waya uko imara. Yule jirani, mzee wa Kikanada aliyewahi kuwa fundi wa umeme, alikuja na mita yake bila kuitwa, wakainama wote wawili kama wapasuaji. Umeme ulikuwa unafika. Mota ndiyo imekufa. Jirani alitikisa kichwa, akanipa pole mimi badala ya mwenye pampu.

Sasa tulikuwa na tangi limejaa, na njia ya kuyatoa maji hatuna, isipokuwa koki ndogo chini ya trela ya kumwagia yote. Mzee akajilaza chali mchangani, kichwa na mabega chini ya sakafu, akahangaika na koki iliyokaza. Ghafla nasikia: "Ndoo! Ndoo!"

Inabidi nieleze. Kwa Kiamu, "njoo" ni "ndoo". Miaka ishirini na tisa ya ndoa imenifundisha kwamba akiita hivyo nitoke mbio. Nikatoka mbio, mikono mitupu, nikachutama kando yake: "Labeka, nimekuja." Na maji yanamwagika puu mchangani, yanamwingia shingoni, naye anapiga kelele, "Ndoo, bibie! Ndoo ya maji!"

Tulipoteza lita nne au tano. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkanada alisimama akitutazama, hajui kama acheke au aite msaada.

Ila baada ya hapo siku ilikwenda vizuri ajabu. Nilichukua ndoo moja ya kunywa na kupikia, nyingine ya kazi. Kikombe cha plastiki kikawa kata. Nilioga kwa ndoo nusu, nimechutama kwenye kile kibafu, na mkono ulikumbuka wenyewe: kikombe cha kwanza kichwani, cha pili mabegani, sabuni bila maji, kisha vikombe vitano vya kusuuza, cha mwisho polepole. Kikombe kimoja kilitosha kutawadha. Mama yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa tundu moja chini, la kutufundishia hilo hilo.

Tulipokuwa tumepanga nyumba Ohio sikujua natumia maji kiasi gani. Nani anajua? Bili inakuja, unalipa. Kwenye trela najua: wawili sisi, lita 25 kwa siku tukijibana, siku sita kwa tangi. Jana kwenye mita ya tangi nilisoma vitaa. Leo nilibeba kwa mkono, na mkono ni mita isiyodanganya.

Siku ya 6, Alhamisi. Kaburi la Haji Ali

Pampu mpya tulipata mjini kwa chini ya dola mia. Nusu ya Quartzsite wakati huu ni vibanda: mawe ya thamani na yasiyo na thamani, vipuri vya trela, sufuria, koti za jeshi, kila takataka ya Marekani inayotafuta mwenyewe mpya. Nilinunua tende za Yuma, kubwa, laini, za aina ya Medjool, ambayo asili yake ni Moroko. Muuzaji alinionjesha moja na kunieleza tende ni nini. Nilimsikiliza kwa adabu.

Kisha tukaenda makaburini. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kwa meli mpaka Texas, wabebe mizigo jangwani; waziri wa vita aliyelipigania wazo hilo alikuwa Jefferson Davis. Pamoja na ngamia walikuja wachungaji kutoka nchi za Dola ya Uthmaniyya. Mmoja wao ni Haji Ali. Wamarekani hawakuweza kulitamka, wakalifanya "Hi Jolly". Mwaka 1857 alikuwamo katika msafara wa ngamia wa Edward Beale uliopima njia mpaka Mto Colorado. Barabara ya punda wetu wa Jumapili, Route 66, katika sehemu kubwa ya Arizona inafuata njia hiyo. Mpango wa ngamia ulikufa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia, ngamia wengine wakauzwa, wengine wakaachiliwa. Haji Ali akabaki. Alifia hapa mwaka 1902. Mwaka 1935 idara ya barabara ya Arizona ilimjengea piramidi ya mawe ya rangi rangi, na juu yake ngamia wa shaba.

Piramidi si desturi yetu, na ngamia juu ya kaburi ndiyo kabisa. Lakini tulisimama, tukainua viganja, tukamsomea Fatiha. Bibi mmoja mwenye mbwa alisimama mbali akavua kofia, akangoja tumalize. Njiani kurudi mzee alisema jambo moja tu: "Sasa sisi majina yetu wameyafanya nini?" Mimi kazini huitwa kwa herufi mbili za mwanzo. Yeye kwenye malori walimwita "Captain", naye hakuwahi kulalamika.

Magharibi ilipoingia pampu mpya ilikuwa inanguruma.

Siku ya 7, Ijumaa. Quartzsite – Ajo – Why

Siku ya kuendesha. Barabara kuu ya 10 kuelekea mashariki, kisha kusini Gila Bend, kisha jangwa tupu lenye ndege za kivita zinazofanya mazoezi. Ajo ni mji mzuri wenye makanisa meupe na minazi ya mapambo isiyozaa nazi, na shimo kubwa la mgodi wa shaba uliofungwa 1985. Tulikunywa kahawa, tukasonga.

Maili kumi mbele kuna kijiji kinachoitwa Why. Hapo barabara za 85 na 86 zilikuwa zikikutana kwa umbo la herufi Y, lakini sheria ya jimbo ilitaka jina lisipungue herufi tatu, basi wakaiandika hivyo. Binti yetu alipiga simu kuuliza tuko wapi. Nikamjibu, "Why." Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nauliza tu, mama."

Usiku tumelala hifadhini, Organ Pipe Cactus, kambi ya Twin Peaks. Umeme hakuna, giza lipo la kutosha.

Siku ya 8, Jumamosi. Organ Pipe

Dungusi aliyeipa hifadhi jina hana shina moja. Hutoa matawi mengi kutoka ardhini, yakasimama wima pamoja kama filimbi za kinanda cha kanisani, ndizo hizo "organ pipe". Hapendi baridi, ndiyo maana kwa Marekani yuko karibu hapa peke yake, mpakani na Meksiko. Tulizunguka njia ya vumbi ya maili 21 chini ya Milima ya Ajo, pikapu ikicheza kwenye mashimo, na kila kona mzee anasimama nipige picha kabla sijaomba. Ndiyo raha ya kuolewa na dereva.

Nilikanyaga karibu mno na cholla. Huyo ni dungusi mwingine, mwenye vipande vinavyokatika kwa kuguswa tu na kunasa kwenye ngozi. Kipande cha ukubwa wa limau kilinishika kifundo cha mguu. Usikitoe kwa mkono, utakuwa na viwili. Chukua kitana, kipitishe kati ya kipande na ngozi, uking'oe kwa mkupuo mmoja. Nimewahi kutoa mishipi, sindano na vipande vya kioo katika miili ya watu bila kupepesa. Kwa mwiba wangu mwenyewe nililia.

Kusini ukuta wa mpaka unaonekana, mstari wa rangi ya kutu. Huku kusini mwa Arizona watu wamekufa kwa kiu wakivuka jangwa kwa miguu, na watu wa kujitolea huweka mapipa ya maji yenye bendera ya buluu juu ya mlingoti mrefu. Tuliona bendera moja, mbali na barabara. Mzee alizima redio.

Siku ya 9, Jumapili. Why – Tucson

Barabara ya 86 inapita katika nchi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, maili nyingi za saguaro, yule dungusi mrefu wa picha zote. Hukua taratibu mno. Mkono wa kwanza huweza kungojea miaka 50 hata 75. Mwili wake una mikunjo, akinywa mvua hutanuka, kiangazi husinyaa. Mwanzoni mwa kiangazi O'odham huangua matunda yake kwa upembo unaotengenezwa na mbavu za saguaro aliyekufa. Sisi tumepita Januari, tunda halipo. Kwenye kizuizi cha walinzi wa mpaka waliuliza kama sisi ni raia, tukajibu, wakatupisha.

Kambi ya Tucson ina kila kitu: umeme, bomba, shimo la maji machafu, hata mashine za kufulia. Mzee aliunganisha mpira, nikafungua bomba, tangi likaanza kujaa. Katika maji ya mji huu yamo ya Havasu, yaliyosukumwa mlimani na yale mapampu ya Jumanne. Yamefika bila kusimama kwa Haji Ali.

Zamu yangu inaanza kesho saa moja jioni. Sare nimeipiga pasi, chai imo kwenye chupa. Jioni nilichukua ndoo, nikaijaza nusu, nikatafuta kile kikombe cha plastiki. Mzee wangu alichungulia mlangoni.

"Maji yamekatika?"

"Hapana," nikamwambia. "Funga mlango, baridi inaingia."